Elizabeth line: kutoka Heathrow na sanduku bovu

Nilitua Heathrow, uwanja wa ndege wa London, na masanduku mawili, moja limeng'oka gurudumu, kwa hiyo hofu yangu ilikuwa moja tu: ngazi. Elizabeth line, treni ya kuingia mjini, ikanisitiri. Vituo vyake vyote unafika jukwaani bila kupanda ngazi. Kadi ya benki unagusisha getini ukiingia, na ukitoka unagusisha ileile. Usianze na kadi ukamalizia na simu, utakatwa nauli mara mbili. Mpaka kituo cha Liverpool Street ni kama dakika 40 bila kubadili treni. Treni nyingine, Heathrow Express, ina kasi kweli, dakika 15 tu, ila inaishia kituo cha Paddington, magharibi, na mimi nilikuwa naelekea mashariki. Nilikaa nimelibana sanduku kwa magoti lisitembee kila breki. Nikirudi, napanda Elizabeth line hiyohiyo.