TAHADHARI: Yule jamaa wa ruzuku za vijana anayeshuka na lifti Upper Hill, Nairobi, ni mkora

Nimekaa na hili jambo wiki tatu kwa sababu ya aibu. Wale tunaofahamiana mnajua kazi yangu. Mimi ndiye huwajazia fomu za HELB, za mkopo wa masomo, mimi ndiye huwafokea mkituma pesa kwa sababu ya ujumbe wa "umeshinda", na kwa ukuta wa saiba yangu, duka langu la intaneti, kuna karatasi nimeandika kwa kalamu nyekundu, FOMU YA BASARI HAIUZWI. Mimi huyo huyo nimempa mkora shilingi 65,500 za watu, kwa simu yangu, kwa vidole vyangu, na nikamwambia asante. Chekeni, mkimaliza msome, kwa sababu huyo mtu bado yuko kazini.

Habari ya kikundi chetu cha nyumbani Kitui sirudii, wengi wenu mlichanga Desemba na ile stoo tunayotaka iwe maktaba mnaijua. Haina paa hadi leo.

Tangazo niliona kwenye kundi la WhatsApp la vikundi vya vijana wa Kitui. Ruzuku ya shirika la nje, hadi milioni 1.8 kwa kikundi kilichosajiliwa, kusaidia elimu ya vijana wa mashambani na miradi midogo ya kijiji: maji, maktaba, taa za sola. Nikapiga. Sauti ya upole, haina haraka. Hakutaja pesa kabisa. Alitaka cheti cha kikundi, PIN ya KRA ya kodi na nakala za vitambulisho vya wanachama wote 24. Akaniuliza kama tumesajiliwa upya chini ya ile sheria ya vikundi vya kijamii ya 2022 au bado tuna cheti cha zamani. Nani huuliza swali kama hilo kama si mtu wa kazi hiyo? Halafu akaniambia, "Dada yangu, mnajua Mahakama Kuu ilishasema sheria ya NG-CDF ni kinyume cha Katiba. Wenye akili wameanza kutafuta wafadhili sasa." NG-CDF ni ule mfuko wa serikali wa majimbo ya ubunge, unaotoa basari. Hiyo ni kweli, hukumu ilitoka Septemba 2024 na nyumbani watu wameingiwa na baridi kuhusu basari tangu siku hiyo. Kwa hivyo alipoisema, nilitikisa kichwa peke yangu pale dukani kama ananiona.

Tukakubaliana kuonana Upper Hill, Jumatano saa nne. Jumba la vioo, la maana, lile la kuegesha magari chini kwa chini. Niliketi mapokezi kwenye viti vya ngozi nikiwa nimebeba faili letu la kijani. Saa nne na dakika tano lifti ikafunguka, akatoka. Shati jeupe, kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni kwa utepe wa bluu, chini ya kwapa ana faili nene yenye vibandiko vya rangi. Akanisalimia kwa Kikamba. Akasema bosi yuko mkutanoni huko juu na wageni wa Uholanzi, kwa hivyo tumalizie hapa chini, kuna utulivu. Kukawa kweli na utulivu.

Akanipeleka kwenye mkahawa wa pale chini. Nikataka kulipa chai, nyinyi mnanijua. Akanishika mkono: "Hapana, sisi haturuhusiwi kupokea chochote kutoka kwa waombaji. Hata maji." Akalipa yeye. Chai shilingi 250 kikombe, na mandazi mawili. Hadi leo nikifikiria yale mandazi tumbo linanikata.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo aliponimaliza. Alifungua bajeti yetu, akavaa miwani, akaipitia mstari kwa mstari na kalamu. Alipofika kwenye saruji akasimama. Tuliandika magunia 120. Akaniangalia juu ya miwani. "Madam, stoo ya futi 30 kwa 20 mnaijenga upya ama mnaikarabati? Hii ni mingi. Wafadhili wakiona hivi watasema mnataka kula." Akaikata ikawa 45, na akaandika kando kwa herufi ndogo nadhifu: "sakafu na lenta pekee". Akapunguza na usafiri. Akaongeza tangi la lita 10,000 ambalo sisi tulisahau, akasema maktaba bila choo na maji wasichana hawatakuja.

Niambieni, mwizi gani anakupunguzia? Mwizi nimjuaye mimi anaongeza. Huyu alikuwa anakata kama mama mkwe anayekagua sufuria. Nilitoka pale nikampigia mwenyekiti nikiwa bado kwa ngazi, nikamwambia mzee, huyu ni mtu wa haki.

Pesa zilianza ndogo. Ada ya kusajili ombi, 4,500. Nikalipa mwenyewe, sikuwaambia wengine. Wiki mbili baadaye barua ikaja na nembo na muhuri, "Mmepita hatua ya kwanza." Nilipiga chapa nakala nne. Ikafuata ada ya wakaguzi kutembelea mradi, 36,000. Kila mwanachama akatoa 1,500. Kuna msichana pale aliuza kuku watatu, sitamtaja, anajijua. Nilipotuma, jina lililotokea kwenye M-Pesa lilikuwa la mwanamke. Nikamwuliza. Akacheka taratibu, "Huyo ni mhasibu wetu, akaunti ya shirika iko kwenye ukaguzi wa mwaka." Na mimi nikabonyeza. Nimeona jina la mtu mwingine kabisa, nimeuliza, nimepewa jibu la kitoto, nikabonyeza!

Wakaguzi hawakufika. Mvua, barabara ya Mutomo imekatika, alisema. Na kweli wiki hiyo mvua ilinyesha, huo ndio ushetani wake, alikuwa anafuatilia hali ya hewa ya kwetu kuliko mimi. Kisha ikaja bima ya ruzuku, 25,000, mwisho Ijumaa, la sivyo nafasi yetu anapewa kikundi cha Makueni. Mwenyekiti aliuza mbuzi wawili, 14,000. Mimi nilikuwa na 6,000. Iliyobaki 5,000 nilifuliza. Nilikopa pesa ili nimpe mwizi, na riba ninalipa mimi.

Alipotaka 18,000 nyingine za "kubadilisha fedha za kigeni", kichwa changu kikarudi. Sikumpigia. Nilipanda matatu hadi Upper Hill bila miadi, nikaenda moja kwa moja kwa askari wa mlangoni, nikamwuliza ofisi ya shirika fulani iko ghorofa ya ngapi. Yule mzee akaniangalia kwa huruma, sijaisahau. "Hakuna hiyo ofisi hapa, mama. Huyo kijana wa utepe wa bluu huja hapa asubuhi, hupanda ghorofa ya kwanza pale pasipohitaji kadi, hungoja, halafu hushuka kukutana na watu. Wewe ni wa nne mwezi huu kumwulizia." Wa nne! Na hakuna aliyemwambia mwenye jumba?

Hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho mtoto wa Nairobi angekiona siku ya kwanza. Siku ile ya chai sikuacha kitambulisho mlangoni. Hapa mjini jumba gani la ofisi unaingia bila kuandikwa kwenye kitabu na kuacha kitambulisho? Sikuandikwa kwa sababu sikuingia popote. Nilikunywa chai kwenye mkahawa wa watu wote, basi.

Nilipofika nyumbani niliandikia lile shirika la nje lenyewe kwa anwani iliyo kwenye tovuti yao. Shirika lipo. Walijibu kesho yake: hawana wakala Kenya, hawatozi ada yoyote. Barua pepe za mkora zilikuwa za Gmail, jina la shirika na namba 2 mwishoni. Namba 2! Mimi hufungulia watu barua pepe kila siku.

Huyo mtu akishikwa nataka afungwe na asitoke. Polisi waliniambia kupata pesa kwa udanganyifu ni kifungu cha 313, miaka mitatu. Miaka mitatu! Mwenyekiti ana miaka 71, mbuzi wake hawarudi. Ningekuwa hakimu ningempeleka Kitui abebe hayo magunia 45 ya saruji mgongoni, moja moja, kutoka barabarani hadi kwa stoo, huku akina mama wakimwangalia. Na mhasibu wake amshikie maji.

Haya, dalili, kwa haraka kwa sababu nikizifikiria nalia. Ada ya aina yoyote kabla ya ruzuku. Rafiki yangu aliwahi kuomba ule ufadhili wa miradi ya mashinani wa ubalozi wa Japani, hakulipa hata senti moja kuomba. Uwezo na Hazina ya Vijana, zile za serikali, ni mikopo, unarudisha, lakini angalau hakuna "bima". Namba ya mtu binafsi. Tarehe ya mwisho ya Ijumaa, kila mara Ijumaa. Kukutana chini, kamwe si ofisini. Shirika la kweli linalofanya kazi hapa ulizia usajili wake kwa mamlaka ya mashirika ya manufaa ya umma, ile iliyochukua nafasi ya bodi ya NGO mwaka 2024. Mimi sikuuliza mtu.

Kitu kinachoninyima usingizi zaidi ya pesa ni kwamba ana nakala za vitambulisho 24. Wanachama, piga *106# muone kama kuna laini zimesajiliwa kwa majina yenu ambazo hamzijui. Leo, si kesho.

Nilituma ujumbe kwa namba 456 ya Safaricom kuomba pesa zirudishwe, nilikuwa nimechelewa, zilishatolewa. Nimeripoti polisi na namba ya OB ninayo. Namba ya bure ya DCI, idara ya upelelezi, ni 0800 722 203, hawajui jina lako usipotaka. Kama wewe ni mmoja wa wale watatu wengine waliomwulizia kwa yule askari, tafadhali niandikie faraghani, tukiwa wanne kesi ina uzito.

Ni mwembamba, miaka thelathini na kitu, ana pengo dogo la mbele, na hukunja mkono wa shati mara mbili. Picha sina, kwa sababu sikufikiria kumpiga picha mtu aliyeninunulia mandazi. Mwenye nayo anitumie kabla ya Jumamosi usiku. Jumapili asubuhi napanda basi pale stendi ya Machakos hapa Nairobi, naenda kusimama mbele ya kikundi.