Vindaloo ya Goa au rogan josh ya Kashmir?

Ni michuzi miwili ya nyama kutoka India. Yote miwili ni myekundu, na hapo ndipo wengi huichanganya. Vindaloo ilizaliwa Goa, iliyotwaliwa na Wareno mwaka 1510. Wao walikuja na vinha d'alhos, nyama iliyolowekwa kwenye mvinyo na vitunguu saumu. Wagoa wakatumia siki ya tembo la mnazi, kisha pilipili, ambazo Wareno hao hao walizileta kutoka Amerika. Nyama yake ya asili ni nguruwe. Ukiionja, uchachu hutangulia, halafu ukali unafuata na kubaki kooni. Viazi havimo kabisa! Watu walisikia "aloo", yaani viazi kwa Kihindi, wakavitumbukiza.

Rogan josh ni mchuzi wa kondoo, wenye asili ya Uajemi. Wekundu wake hutokana na pilipili za Kashmir, zenye rangi kuliko ukali. Wapandit, yaani Wahindu wa Kashmir, huipika bila kitunguu wala saumu: mtindi, mvuje, tangawizi kavu na unga wa shamari. Mafuta mekundu yakielea juu na shamari ikinukia, imeiva.

Mimi nachagua hii, kwa wali mweupe. Ila vindaloo iliyolala usiku mmoja, siki ikiwa imeingia hadi mfupani, hunifanya nisite.