Avenger Field, Texas: Kwa Nini Uwanja Huu Naupa Alama Zote

Haya jamani, karibuni tena. Leo simu tumeziweka pembeni, tunachambua uwanja wa ndege! Avenger Field, mji wa Sweetwater, Texas, magharibi ya Abilene. Siku hizi ni uwanja wa manispaa. Urefu wa njia za kurukia sisomi, mtauona mtandaoni. Mimi nimekuja na hii.

Ovaroli ya kiume, saizi 44. Ngoja nirudi nyuma mnione vizuri. Mikono imefunika vidole vyote. Nakunja mara moja, mara mbili, bado. Hapa katikati ya miguu imeshuka hadi karibu na magoti. Nafunga mkanda, kitambaa kinajikusanya chote tumboni. Sasa nainua mguu kama napanda bawa la ndege… mmeona? Najikanyaga! Basi WASP, marubani wanawake waliolitumikia jeshi la Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, walipewa nguo za namna hii, zilizoshonewa wanaume, na wakarusha nazo ndege za jeshi.

Mwaka 1942 hapa walifundishwa wanaume, wakiwemo Waingereza. Februari 1943 wakaanza kuingia wanawake, mpango wa rubani Jacqueline Cochran. Walioomba walizidi 25,000. Waliohitimu 1,074, wengi wao hapahapa. Walitoa ndege viwandani wakazipeleka kambini. Wengine walivuta shabaha ya kitambaa nyuma ya ndege ili askari walio chini wajifunze kulenga. Kwa risasi za moto, jamani!

Sasa kinachonikera. Walihesabiwa raia, si wanajeshi. Wanawake 38 walikufa kazini, na jeshi halikulipia mazishi. Wenzao ndio waliochangishana kusafirisha miili nyumbani. Desemba 1944 mpango ukafungwa. Haki za maveterani? 1977! Medali ya Dhahabu ya Bunge? 2010, wengi wao wameshafariki. Hapo siwezi kunyamaza.

Najua kuna watakaoandika kwamba uwanja wa Wendover, Utah, ndio baba lao, kwa sababu Paul Tibbets, rubani wa ndege iliyodondosha bomu la atomiki Hiroshima, na wenzake walifanyia mazoezi kule. Sawa, hanga, yaani banda, la ndege hiyo, Enola Gay, lipo mpaka leo na video yake ndiyo inayofuata. Lakini kama nauli yako ni ya safari moja tu, nenda Sweetwater. Makumbusho ya WASP yako palepale uwanjani, ndani ya hanga la zamani. Na ninyi mlio Abilene, hasa ndugu zetu Wakongo, ni mwendo mfupi kwa gari: wapakieni mabinti zenu wikendi hii.