Mgagani au sukuma wiki katika bustani ya Malindi?
Mgagani, jamaa wa karibu wa ukoo wa haradali mwenye ua la petali nne kama la sukuma wiki, huota wenyewe kandokando ya mashamba ya Malindi, hivyo mbegu zake hazigharimu kitu. Katika jua kali unashinda waziwazi, kwa kuwa usanisinuru wake (yaani jinsi unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua) ni wa aina iitwayo C4, unaotumia maji kwa uangalifu, ilhali sukuma wiki, mmea wa C3 (aina ya kawaida, isiyobana maji hivyo) unaopenda ubaridi, hunyauka upesi isipomwagiwa maji. Hata hivyo mgagani huwahi kuchanua, na majani yake (machungu, nami nayapenda hivyo hivyo) hupungua vichwa vya maua visipokatwa. Sukuma wiki huchumwa kwa miezi mingi. Mwenye kisima apande sukuma wiki. Anayengojea masika, mgagani.