The Elder Scrolls kinyumenyume: kutoka Skyrim hadi Morrowind

Walioanza zamani husimulia mfululizo wa gemu za The Elder Scrolls kama kisa cha kunyang'anywa: kila gemu mpya ikija, kuna kitu kimeondoka. Mimi nilipita njia ya kinyume. Nilianza na Skyrim ya 2011, nikashuka kwenye Oblivion ya 2006, kisha Morrowind ya 2002. Haukuwa utafiti, ni shida ya mashine. Kompyuta nzuri ilikuwa ya binamu yangu Michenzani, na niliporudi Wete nilibaki na laptop ya mtumba ambayo Skyrim iliiungurumisha vibaya hadi mama akauliza kama haitaungua. Ikabidi niteremke.

Kwa hiyo vitu walivyovipoteza wenzangu, mimi nilikuwa nikivipata. Si vyote vya kulilia. Stadi za mhusika wako zilikuwa 35 kwenye Daggerfall, gemu ya 1996 iliyotangulia Morrowind, zikawa 27 Morrowind, 21 Oblivion na 18 Skyrim. Ukiitazama hesabu hiyo peke yake utadhani gemu imekondeshwa, lakini baadhi ya zile 35 zilikuwa za kuzungumza na viumbe, kila aina na lugha yake. Sijamsikia mtu akizililia hizo. Morrowind imetenganisha panga fupi na panga refu. Oblivion ikaziunganisha na mkono wangu haukuhisi tofauti, ingawa bado nataka kujua nani aliamua shoka liwekwe pamoja na rungu kwenye silaha butu. Nyundo za kukarabati vifaa nazo hazipo Skyrim, na aliyeziondoa namshukuru.

Kilichoniuma nilikikuta Oblivion: kujitengenezea uchawi wako. Ukishakubaliwa kuingia Arcane University, chuo cha wachawi, unakuta madhabahu ambayo unachagua athari, nguvu, muda na eneo, unalipa dhahabu, unaupa jina unalotaka. Nilitengeneza mmoja wa kumdhoofisha adui asistahimili moto, na wa pili wa kumchoma, nikawa nabadilishana kati ya hiyo miwili mpaka majitu yaliyokuwa yakinitimua yakawa mepesi. Skyrim inakuuzia vitabu vya uchawi. Unasoma, unapata kile kile anachopata kila mtu. Zile sifa nane za mwili na akili, kuanzia nguvu hadi bahati, nazo zimeondoka, pamoja na stadi ya kuruka iliyokuwa ikipanda kwa kuruka tu. Oblivion nilivuka miji mizima nikirukaruka. Upuuzi, ndiyo, lakini upuuzi wenye faida.

Halafu Morrowind.

Hakuna mshale wa kukuonyesha njia. Unaambiwa nenda Balmora umtafute mtu anayeitwa Caius Cosades, basi, uliza watu. Huwezi kubonyeza ramani ukatokea mjini. Vvardenfell, unakochezea, ni kisiwa, na unasafiri ndani yake kama mtu wa Wete anayekwenda Unguja kwa boti ya Mkoani: lazima ujue gari linaishia wapi na chombo kinaanzia wapi. Kuna mdudu mkubwa wa kubeba abiria, silt strider, mwenye vituo vyake. Kuna boti za pwani. Kuna wachawi wa chama wanaokurusha kutoka ofisi moja hadi nyingine. Kisha kuna Mark na Recall: unaweka alama mahali, na siku yoyote, popote ulipo, unarudi pale kwa uchawi mmoja. Oblivion iliviondoa vyote hivyo ikaweka ramani ya kubonyeza. Ni rahisi zaidi, sikatai. Lakini Morrowind nikitoka nyumbani nilikuwa napanga safari, na Skyrim sikuwahi kupanga hata moja.

Kubwa kuliko yote ni kupaa. Wachawi wakubwa wa ukoo wa Telvanni wanakaa ndani ya minara ya uyoga isiyo na ngazi kufika juu; usiyeweza kupaa huna la kuzungumza nao. Na karibu kabisa na kijiji cha mwanzo, Seyda Neen, mtu anaporomoka kutoka mawinguni na kufa mbele yako. Ukimpekua unakuta karatasi za uchawi zilizomrusha. Nilizitumia palepale, nikaruka hadi mawinguni, nikafa vilevile. Gemu haikunizuia.

Kwa nini kupaa kuliondolewa? Kwenye Oblivion miji yenye kuta inapakiwa kama eneo lake la pekee unapopita lango. Ungepaa juu ya ukuta usingeukuta mji ule wa kweli, kwa hiyo mbawa zikakatwa. Sababu naifahamu, ila hainifariji.

Vivyo hivyo kuua. Oblivion na Skyrim, mtu muhimu wa hadithi anaanguka, anapumzika kidogo, anasimama. Morrowind anakufa. Unapewa ujumbe kwamba uzi wa unabii umekatika: rudi ulikoseva, au endelea kuishi kwenye dunia uliyoiharibu. Hata hapo kuna njia ya uchochoro ya kuimaliza hadithi.

Na mkuki! Dunia imejaa mapango na mazimwi, na baada ya Morrowind hakuna mkuki wa kushika.

Sasa ubaya wake. Mwanzoni unampiga panya kwa upanga, unaona kabisa upanga umemgusa, na gemu inasema umekosa, kwa sababu stadi yako ni ndogo. Kutembea ni polepole mno. Cliff racer, wale viumbe warukao, watakufanya uichukie mbingu. Maneno ni mengi na karibu yote ni ya kusoma, kwa Kiingereza kizito. Weka kamusi karibu. Nadhani hapo ndipo ulipo utajiri wake pia, maana Oblivion ilipowapa watu wote sauti, mazungumzo yalipungua sana.

Kwa mwenye mashine dhaifu, nunua Morrowind bila kusita. Mahitaji yake ya awali yalikuwa RAM ya MB 256 kwenye Windows XP. Kuna pia OpenMW, programu ya bure inayoiendesha hata kwenye Linux, mradi uwe na mafaili ya gemu yenyewe. Oblivion iliyofanywa upya mwaka 2025 inataka zaidi ya GB 100, na bando langu halina habari na mambo hayo. Skyrim mpe anayeanza kabisa, atafurahi. Mimi nimeshapakua Daggerfall, ya bure tangu 2009, ambamo unakwea kuta kwa mikono na kukopa benki. Mpaka sasa sijatoka kwenye pango la kwanza.