Kujifungulia Lwala, Rongo: uzoefu wangu (ni ndefu, nivumilieni)

Watu wananiuliza sana inboksi kuhusu Lwala, hasa wale mlioolewa huku Migori kutoka mbali kama mimi, na kumjibu kila mtu peke yake nshachoka, kwa hivyo nayaandika yote hapa mara moja. Mnijue kwanza: mimi ni mtu wa Kisauni, nimeolewa Kamagambo, huku huku Rongo, majirani mpaka leo wananiita nyar Mombasa, yaani binti wa Mombasa, na hakuna aliyenituma kuandika wala siajiriwi pale.

Kwa wasiopajua, Lwala ni kijiji karibu na Rongo, kaunti ya Migori. Hospitali yake ilianzishwa na ndugu wawili wa hapo hapo, Milton na Fred Ochieng', wote madaktari. Hadithi yao huku ukikaa na mzee yeyote atakupa bila kumuuliza: Milton alipopata nafasi ya chuo cha Dartmouth kule Marekani nauli haikuweko, kijiji kikauza kuku, kikauza ng'ombe, zikapatikana kama dola 900 za tiketi. Alafu wazazi wao wakafariki wote wawili, Ukimwi, na baba mtu, alikuwa mwalimu, ndo alikuwa na ile ndoto ya kituo cha afya kijijini. Vijana wakaiendeleza wakiwa wenyewe bado wanasomea udaktari, milango ikafunguliwa 2007. Sasa ni hospitali na shirika zima linaitwa Lwala Community Alliance.

Mavyaa wangu ana msemo wake kuhusu hao madaktari, anasema "wale ni watoto wetu, ng'ombe wetu wako ndani ya vichwa vyao." Nilikuwa nacheka lakini nshaelewa anamaanisha nini. Yule mama akiwa na neno lake anakwenda kulisema mwenyewe, haogopi koti jeupe, manake kwake ile si hisani ya mtu, ni deni linalipwa. Mimi nimekulia mjini, tumezoea watu wakija na mahema na fulana wanapima presha siku moja, wanapiga picha, wanaondoka, na ukienda wiki ya pili huna wa kumuuliza. Hapa ukikosewa unajua nyumba ya kwenda.

Sasa nianze na kile watu wengi hawakioni. Wengi wanauliza "wodi zikoje, vitanda vikoje". Vitanda ni vitanda. Kazi kubwa ya Lwala iko nje ya geti, iko kwa wale kina mama wanaozunguka majumbani, na kama nyota zinagawiwa mimi zangu karibu zote nampa mama anayekuja kwetu.

Huyu mama zamani alikuwa nyamrerwa, yaani mkunga wa kienyeji. Nusu ya watu wazima wa hiki kitongoji wamepita mikononi mwake, mume wangu mmojawapo na hachoki kumkumbusha. Sehemu nyingi wakunga kama hawa walipigwa marufuku tu, wakaambiwa acheni, basi wakaendelea kwa siri usiku. Lwala waliona mbali zaidi, waliwachukua wakawafunza, wakawaweka kwenye mshahara, kazi yao ikawa ni kumpeleka mama hospitali badala ya kumzalishia jikoni. Hebu fikiria, mtu ambaye familia yote inamuamini kuliko nesi yeyote, yeye ndo anakwambia twende. Nani atakataa? Na hii ya kuwalipa walianza miaka mingi kabla serikali haijazindua wale wahamasishaji afya laki moja mwaka 2023 na posho yao ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu nusu ya kaunti. Kabla ya hapo kwingi nchini hii kazi ilikuwa ya kujitolea, mama anatembea kutwa juani alafu anarudi nyumbani kwake hana hata ya sukari, sasa huyo utamlaumu vipi akiacha?

Mimba yangu ya pili yeye aliijua kabla ya mamangu mzazi. Sisi pwani mimba changa haitangazwi, macho ya watu hayo, mtu ananyamaza mpaka tumbo lijiseme. Yeye akaja zake asubuhi na begi lake, akakaa kwenye kiti cha plastiki pale uani, akatoa miwani yake ameifunga na uzi shingoni, akatoa simu. Ile simu ina maswali yamepangwa na yeye haruki hata moja. Ananiuliza "Je, nyumba hii ina choo?" na choo kiko nyuma ya mgongo wake ametoka kukitumia saa hiyo hiyo. Nikamwambia mama si umetoka huko, akaniangalia juu ya miwani akasema jibu swali. Basi nikajibu, kipo. Swali la mbele likawa hedhi yangu ya mwisho lini. Nikajaribu kuzunguka zunguka nikasema sikumbuki vizuri, hakubishana, akafunga simu akaniambia kwa Kiswahili chake cha kubahatisha (na mimi Dholuo yangu ndo hivyo hivyo) kwamba kesho kutwa anapita njia ya hospitali, kama nataka mtu wa kufuatana naye.

Kliniki ya kwanza wanapima damu, wingi wa damu, kundi la damu, mkojo, presha, na HIV. Hapa naomba tuongee kikubwa. Migori, Homa Bay, Siaya, Kisumu, ndo kaunti zinazoongoza kwa HIV Kenya miaka yote, kwa hivyo hicho kipimo si cha kukupaka matope. Wanapenda mume aje mpimwe pamoja. Wangu alikuja na visingizio vya kila aina, mara kazi, mara pikipiki ya mtu, mpaka yule mama akamwambia mbele ya mamake kwamba yeye amemuona akiwa uchi siku ya kwanza duniani kwa hivyo asimletee mambo. Akaenda. Na kwa walio na virusi, dawa zikianza mapema na kufuatwa vizuri mtoto anazaliwa salama, wako watoto wengi tu huku ni ushahidi. Na sijawahi kumsikia yule mama akitaja hali ya nyumba moja kwenye nyumba nyingine, na kijiji hiki maneno yanavyokimbia, hiyo si kitu kidogo.

Kingine walichonifanyia, kila akija ananiambia nimtajie mimi mwenyewe dalili za hatari. Kutokwa damu, kichwa kuuma vibaya na macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, mtoto kuacha kucheza, maji kupasuka kabla ya wakati, homa. Nikisahau moja tunaanza upya. Na alitaka kujua nikishikwa na uchungu usiku ni boda gani atanibeba, si "tutapata tu", alitaka jina na namba, na akampigia yule kijana pale pale kuhakikisha usiku hazimi simu. Msimu wa mvua barabara za huku ni tope zito na matrekta ya miwa yamezichimba, kwa hivyo hilo swali la boda ndo swali la maana kuliko yote.

Nikumbushe kidogo ya kwanza ilivyokuwa mpate kulinganisha. Mtoto wa kwanza nlijifungulia kliniki ya kulipia, wapi na jina gani naacha. Huduma haikuwa mbaya, mbaya ilikuwa mwisho, bili ilitoka imeongezeka vitu sivielewi, na nikawekwa na kichanga mkononi hadi mume wangu akakopa. Na Mahakama Kuu ilishasema tangu 2015, kwenye kesi ya kina mama wawili waliozuiliwa Nairobi, kwamba kumfungia mama hospitali kwa ajili ya bili ni kuvunja haki zake. Nani anamwambia mama aliyejifungua jana habari za katiba? Lwala nlitoka siku nliyoruhusiwa, hakuna aliyesimama mlangoni.

Sasa yenyewe. Uchungu ulinishika usiku, kijana wa boda alipokea simu, tukafika, mtoto akatoka vizuri, wa kike, analia mpaka nje. Nikadhani nimemaliza. Sindano ya kukaza mfuko wa uzazi nlichomwa, kondo likatoka, lakini damu haikukata. Mimi sikujua kama ni nyingi, nlijua kwa vile nesi aliacha kuongea na mimi akaanza kuongea na wenzake. Mmoja ananikanda tumbo kwa nguvu, mmoja anatafuta mshipa wa dripu, mwingine akaja na kitu cheusi kizito kimekunjwa, kufungua kikawa kama suruali ya wapiga mbizi. Wakanifunga kuanzia vifundo vya miguu, kipande kwa kipande wakipanda juu, magoti, mapaja, nyonga, tumbo, ile velkro inavutwa kraa, inabandikwa, kraa, na kila kipande wanakaza hadi nahisi miguu si yangu. Nlikuwa nasikia baridi na masikio yanavuma, walipomaliza kufunga nikaanza kusikia watu wanasema nini tena.

Baadaye nesi alinieleza vizuri. Ile nguo haiponyi, inasukuma damu itoke miguuni irudi kwenye moyo na kichwa, inanunua muda, mama asizimie akafa wakati watu wanatafuta damu ya kuongezea au wanampeleka theta, chumba cha upasuaji, au ambulensi iko njiani. Inafuliwa, inatumika tena kwa mama mwingine. Haitaki umeme, haitaki mashine. Kutokwa damu baada ya kujifungua ndo kunaongoza kuua kina mama wanaojifungua Kenya, na wengi wanafia njiani kutoka kituo kidogo kwenda kikubwa, kwa hivyo unaona kwanini Lwala hawakuiweka kwao tu, wameifikisha na kufunza watu kwenye vituo vya serikali vya Migori. Hapo ndo niliwavulia kofia. Wangeweza kuwa hospitali nzuri ya kijiji kimoja wakaridhika. Hata siku hizi nikiwa nimebandua viatu vya mtoto ile sauti ya velkro inanishtua, mume wangu ananicheka.

Nliporudi nyumbani yule mama alikuja hata sijamaliza kupokea wageni. Akamwangalia mtoto kitovu, akanitaka nimnyonyeshe mbele yake aone anavyoshika titi, akaniuliza damu inatoka kiasi gani, akamfukuza shangazi mmoja aliyekuwa na mpango wa kumpa mtoto maji ya dawa. Mavyaa akamuunga mkono, jambo ambalo mimi kama mkazamwana nisingeweza kulisema hata kwa wiki nzima. Siku hizi mtoto ameshapita miezi 6 anampima mkono na ule utepe wa rangi, kijani sawa, njano tahadhari, nyekundu twende hospitali saa hii. Homa ikiingia anatoboa kidole anapima malaria pale pale kwenye kiti cha plastiki, na dawa ya malaria ya kawaida anayo begini. Chanjo ya malaria pia ipo, Migori ni kati ya zile kaunti 8 zilizochaguliwa mwanzo 2019, dozi ni 4, ya mwisho mtoto akifika miaka miwili na hiyo ndo wengi wanaisahau manake mtoto anakuwa ashaanza kukimbia, mzazi anaona kliniki imeisha. Haijaisha.

Kinachonikosesha usingizi ni pesa. Kitu kama hiki kinaendeshwa kwa kiasi kikubwa na michango ya watu wa nje, na mapema 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake huku Nyanza watu walihangaika, kila anayetumia dawa za HIV alikuwa anauliza mwezi ujao itakuwaje. Mimi nlikuwa nafikiria wale kina mama wa majumbani. Jengo likikosa pesa linabaki jengo, hata rangi ikitoka. Mama wa kuzunguka akikosa mshahara anarudi shambani kwake, na zile sura zote anazozijua, nani ana mimba, nani hajamaliza dozi, vinarudi naye. Kaunti ingeubeba huo mshahara wote yenyewe, posho iende kwa wakati, ningelala. Mwakilishi wadi akija kuomba kura mwaka 2027 mimi swali langu ni hilo moja, barabara nitamuuliza baadaye.

Mengine ya haraka mliyouliza. Hapana, si ya Waluo tu, mimi nimekaa wodini na Mkisii kitanda cha pili, na wahudumu Kiswahili wanaongea. Ndiyo, beba kijitabu chako cha mama na mtoto hata kama ulianza kliniki kwingine, usianze kueleza kwa mdomo. SHA, bima ya afya ya serikali, jiandikishe mapema kwa *147#, NHIF, ile bima ya mwanzo, iliisha Oktoba 2024 na ile kadi ya zamani haifanyi kitu, na kujiandikisha peke yake hakutoshi, hakikisha mchango umelipwa kabla ya miezi ya mwisho. Kitenge beba viwili. Ukishuka steji ya Rongo waambie boda Lwala hospitali, wote wanaijua, patana bei kabla hujapanda, na kama ni Aprili au Mei vaa gambuti.