Mafunzo ya uongozi wa jamii kwa wanachuo: tathmini ya mshiriki

Nilijiunga na mafunzo haya ya wiki 12 nikiwa mwaka wa pili chuoni, nikiamini kwamba kujitolea ni jambo la moyo tu na kwamba mwenye nia njema hahitaji kufundishwa. Sitawataja waandaaji kwa jina, maana nina lawama juu yao. Vipindi ni jioni mbili kwa wiki, na siku ya tatu mshiriki huenda kwenye mtaa aliopangiwa. Ratiba hiyo inabana, hasa mitihani inapokaribia, lakini inabebeka.

Kilichonigusa kuliko vyote ni zoezi la mazungumzo ya ana kwa ana. Unaketi na mkazi mmoja kwa nusu saa, bila dodoso wala simu mkononi, na unatakiwa usizidishe theluthi moja ya muda huo katika kusema. Mara ya kwanza nilishindwa kabisa. Mama aliyenipokea mlangoni kwake alinivumilia nikimweleza mpango wetu wa kusafisha mfereji, kisha akasema: "Mwanangu, wenzako walikuja mwaka juzi, wakaandika, wakaondoka. Mfereji unajaa kwa sababu gari la taka halifiki huku. Mkishausafisha, nani atazuia usijae tena?" Niliposimulia hayo darasani, mwezeshaji hakunifariji, bali alikitaka kikundi chetu kiandike lengo lake upya. Tuliweka majembe chini, tukaanza kukutana na wakazi ili waende wao wenyewe kwenye kikao cha halmashauri kudai ratiba ya gari la taka.

Nadharia ilifundishwa ikiwa imefungamana na kazi hiyo. Tulisoma ngazi ya ushiriki wa wananchi aliyoieleza mtaalamu wa Marekani, Sherry Arnstein, mwaka 1969, yenye vipandio 8: viwili vya chini ni kuwatumia watu kwa jina la kuwashirikisha, vitatu vya katikati huwapa taarifa, nafasi ya kutoa maoni na hata ya kuketi vikaoni bila uwezo wa kuamua, na katika vitatu vya juu ndipo mamlaka yanapoanza kuwafikia. Tulipoupima mpango wetu wa kwanza, tulikuta tumeishia kipandio cha tatu, kwani tuliwatangazia wakazi jambo tulilokwisha kuliamua. Iliniuma, lakini ilikuwa kweli.

Somo la historia nalo lilikuwa zuri. Februari 1960, wanachuo 4 weusi wa Greensboro, North Carolina, Marekani, waliketi kwenye kaunta ya chakula iliyohudumia wazungu peke yao, wakakataa kuondoka. Aprili ya mwaka huohuo Ella Baker, mwanaharakati wa haki za raia, aliwakutanisha katika Chuo Kikuu cha Shaw wanafunzi waliokuwa wakiendesha migomo ya aina hiyo, na hapo ikaanzishwa SNCC, yaani kamati ya wanafunzi wenyewe ya kuratibu harakati zisizotumia nguvu. Baker aliwahimiza wasimezwe na mashirika ya wakubwa, na alipendelea uongozi wa kikundi kuliko wa shujaa mmoja. Kwa kufuata wazo hilo, uenyekiti na uandishi wa kumbukumbu kwetu vilizunguka kila wiki, na hata mkimya kuliko wote aliongoza kikao.

Lawama yangu inahusu makabidhiano. Mwanachuo ni mpita njia, naye anayemhudumia ni mwenyeji, kwa hiyo mafunzo ya namna hii yalipaswa kupanga tangu wiki ya kwanza nani atapokea kazi. Badala yake wiki ya mwisho yote iliishia kwenye vyeti na picha. Daftari letu, lenye majina ya wakazi 41 na kile ambacho kila mmoja aliahidi kufanya, lilikaa kwenye begi langu likizo nzima kwa kukosa wa kulipokea, hadi nilipomtafuta mwenyewe mwanafunzi wa kundi lililofuata na kuzunguka naye nyumba kwa nyumba.

Ninayapendekeza mafunzo haya kwa dhati, ila usiyaache mpaka mwaka wa mwisho, wakati huna tena muda wa kurudi mtaani. Na kabla ya kujisajili, waulize waandaaji daftari la kundi lililotangulia liko kwa nani.